Pikapu ya Dizeli ya Nthenya wa Kyuso

Nthenya alikuwa mnunuzi wa ndengu pale Kyuso. Mumewe alipofariki alimwachia lori kuukuu la petroli, lililojulikana kwa mngurumo kuliko kwa kazi. Mwaka 1979 petroli ikapanda bei, na mara nyingine ikakosekana kabisa hata mjini Mwingi. Lori likalala uani, kuku wakataga chini yake. Nthenya akalivumilia msimu mmoja wa mavuno, kisha akaliuza na kwenda Makindu kutafuta gari lingine.

Hassan, muuza magari na vipuri aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimwonyesha gari dogo jeupe, safi kama sahani.

"Chukua hili, mama. Haliponzi mtu kwa mafuta. Mimi naenda Mtito na kurudi, mshale wa tangi haujasogea."

"Wewe unapita lami, bwana Hassan. Kwetu hili litashindwa na magunia mawili tu."

Nyuma ya duka palikuwa na pikapu ya kijivu, ya dizeli, iliyotetemeka kama mgonjwa wa homa ilipowashwa. Nthenya aliizunguka, akapiga magoti kutazama chini yake, kisha akauliza kama ingekubali dizeli ile ile ya mashine ya posho. Kyuso petroli ilikuwa ya kubahatisha, lakini mwenye mashine ya posho hakukosa pipa la dizeli, kwa sababu watu lazima wasage unga.

"Ndiyo hiyo hiyo," Hassan alisema, akicheka. "Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo."

Nthenya aliinunua, akajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa kanisa la Kyuso, akina mama wa kwaya wakimshangilia kila gea ilipoingia bila kupiga kelele.

Tseikuru, alikoenda kununua ndengu, hakushangiliwa. Huko gari lilipimwa kwa ukubwa. Kivuva, mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa na gari refu la petroli lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne.

"Hicho ni kigari cha kupelekea mayai sokoni," alimwambia Nthenya mbele za watu. "Mto wa mchanga utakutoa jasho."

Kuhusu mto, alisema kweli. Safari ya kwanza, ikirudi Kyuso na mzigo, pikapu ilizama kwenye mchanga wa ule mto mkavu mpaka tumboni. Nthenya akapatana na Mbuvi, mkulima wa ukingoni: Mbuvi angeivusha kwa ng'ombe wake wa kulimia, naye Nthenya angembebea mazao yake hadi sokoni. Watu walitoka vijijini kuona gari likivutwa na ng'ombe, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nthenya alishika usukani, macho mbele, moyo ukimuuma. Alipofika ng'ambo alimshukuru Mbuvi, akawasha injini, akaenda zake. Wiki iliyofuata alirudi tena.

Mwaka uliofuata, mvua za Novemba zilipokaribia, Ndinda, mke wa mwana wa Kivuva, alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema hapo hamna jingine ila hospitali. Gari la Kivuva lilikuwa kavu, petroli haipatikani popote. Nthenya alikuwa sokoni akipakia. Alimwona Kivuva akija kwa miguu, karibu anakimbia, kofia mkononi.

"Nthenya, dada yangu, niokolee mtoto."

Nthenya alianza kuangusha magunia chini, akaomba godoro.

Walipofika mtoni, mawingu yalikuwa meusi huko juu mto unakotoka na maji membamba yalishaanza kutambaa kwenye mchanga. Mbuvi alifunga ng'ombe upesi, lakini waliposikia maji miguuni wakagoma. Ndipo Kivuva aliporuka chini. Alimshika dume wa mbele, akamsemesha kwa Kikamba, taratibu, kama anayembembeleza mtoto, huku maji yakimfika magotini. Ng'ombe wakakaza shingo. Nthenya akashikilia usukani, Ndinda akilia nyuma yake, na pikapu ikapanda ukingo. Hawakuwa wameenda mbali waliposikia mto ukishuka kwa kishindo.

Ndinda alijifungua salama Mwingi, mtoto wa kike.

Kivuva alikaa kwenye benchi la hospitali, suruali ikimkaukia matope.

"Kuanzia leo sitacheka," alisema. "Lakini nikienda porini kutafuta ng'ombe, hiki chako hakinifikishi."

"Najua," Nthenya akasema. "Kwa kazi yako, lako ni sawa. Kwa yangu, lingekuwa limenifilisi zamani."

Kiangazi kilichofuata Nthenya aliwaita watu wa pande zote mbili watandaze mawe mtoni, wapate njia imara ya kuvukia. Akina mama wa kwaya walikuja, Mbuvi akaja na ng'ombe wake. Pikapu haikuweza kuyafikia mawe makubwa ya mlimani, kwa hiyo Kivuva, petroli ikiwa imepatikana tena, aliyaleta kwa gari lake, siku baada ya siku, na kwa petroli aliyoichoma hakumdai mtu hata senti.