Siku Niliyopewa Filimbi

Kabla ya filimbi nilikuwa nimefundishwa karibu kila kitu ambacho mkimbizi anaweza kufundishwa. Nilifundishwa kushona, nikashona. Nilifundishwa kutengeneza sabuni ya maji, kusuka nywele, hata kulima uyoga ndani ya kibanda chenye giza. Nakivale, kambi yetu huku Uganda, haikosi mafunzo. Gari linasimama Base Camp, katikati ya kambi, wanashuka watu wenye vitambulisho shingoni, mnapewa kalamu na soda, halafu mwalimu anaanza na swali lilelile: ndoto yako ni nini? Nilikuwa hodari wa kulijibu. Kwenye kushona nilisema nataka duka la nguo. Kwenye uyoga nilisema nimependa uyoga tangu utotoni, na watu wakanipigia makofi. Wenzangu nao walijibu hivyohivyo, nikaamini kwamba ndoto ni kitu unachokikuta darasani, unakichukua, unarudi nacho nyumbani.

Tulitoka Kivu Kusini nikiwa bado mtoto: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama analima maharage na mihogo kwenye kipande cha ardhi tulichopewa, na sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, inajulikana sokoni. Mimi, baada ya mafunzo yote hayo, nilikuwa nakaanga maandazi. Kila Jumamosi mchana nilibeba ndoo yangu mpaka kiwanja cha mpira, kwa sababu mtu anayetazama mpira hula bila kujua kwamba anakula.

Kiwanja chetu kimeinama kidogo upande wa ziwa, na vumbi lake ni jekundu. Magoli ni ya miti. Nilikuwa nakaa palepale pembeni, karibu na mstari wa katikati, na kuuza huku nikitazama. Sikujua kama nilikuwa nasema kwa sauti. Mchezaji akisukumwa mgongoni, mdomo wangu ulitamka "faulo." Mshambuliaji akiwahi kupita mabeki kabla ya pasi, nilisema "ameotea," halafu nikampa mteja chenji yake.

Siku hiyo timu ya mtaa wetu ilikuwa inacheza na timu ya vijana wa Kirundi wa upande wa pili wa Base Camp. Mdogo wangu alikuwa beki wetu wa kati. Refa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkongomani mwenzetu, mtu mwenye miguu mirefu na uvumilivu mwingi. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu, timu zikiwa sare, alipoingiza mguu kwenye shimo akaanguka kama mti. Kifundo kilivimba tukiwa tunakitazama. Wakambeba mpaka pembeni, karibu na ndoo yangu.

Basi ugomvi ukaanza: nani amalizie mchezo? Kila aliyetajwa alikataliwa. Huyu shemeji yake anacheza. Yule anaishi mtaa wa wale. Yule mwingine hajui hata kona ni nini. Watu wakaanza kusema mechi ivunjwe, na wengine walikuwa wametembea mbali kuja kuitazama. Mwalimu, akiwa ameshika kifundo chake kwa mikono miwili, akapaza sauti.

"Mumupatie filimbi uyu mama wa mandazi!"

Kicheko kilichopigwa hapo, hata mimi nilicheka.

"Sichezi na ninyi," akasema mwalimu. "Kila Jumamosi minamusikia nyuma yangu. Anasema faulo mbele mie nipige filimbi. Na hajakosea."

Nahodha wa Warundi akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Ndugu yake si ndiye yule beki?"

"Ndiye," nikajibu mwenyewe, kabla mtu mwingine hajanisemea.

Sijui kwa nini jibu hilo lilimridhisha. Labda kwa sababu sikuficha. Alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye nafasi yake. Mwalimu akaivua filimbi shingoni, nami nikaipangusa kwa ncha ya kitenge. Nikakikaza kitenge juu ya suruali ya kulalia niliyokuwa nimevaa kwa ndani, nikavua kandambili, nikamwachia jirani yangu ndoo, nikaingia kiwanjani peku.

Jinsi nilivyopuliza mara ya kwanza! Nilipuliza kwa hofu, sauti ikatoka ndogo kama ya ndege mgonjwa, watu wakacheka tena. Nikapuliza ya pili. Hiyo ilitoka. Wanaume ishirini na zaidi waliokuwa wakibishana wakanyamaza, mpira ukaanza, na mimi nikaanza kukimbia.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu kilichonipata hapo, na kila mara nainuka kitini nikipunga mikono. Kelele zote ziliondoka. Kule pembeni, mpira ulikuwa tukio moja kubwa lenye fujo. Ndani, niliona kila kitu kimoja kimoja: kiwiko kinachotaka kuinuka, mguu unaochelewa, jicho la mshambuliaji likitafuta nafasi nyuma ya beki. Nilijua mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa, na miguu yangu ilikuwa tayari inaelekea huko. Vumbi liliniingia puani, kitenge kilitaka kufunguka, na ndani ya kifua changu kulikuwa na furaha niliyoona haya kuionyesha, kwa sababu refa hatakiwi kutabasamu.

Kisha ikaja ile kona. Mpira ulipigwa juu, wote wakaruka, na mdogo wangu, aliyekuwa amezidiwa na mshambuliaji mrefu, akauchapa kwa mkono. Ulikuwa mchapo mdogo sana, na mwili wake uliuficha kwa watazamaji wengi. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pa kuuona.

Filimbi ililia kabla sijafikiri. Nikaonyesha penalti.

"Yaya!" Ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Mdogo wangu alinijia mbio, macho yametoka. "Yaya, unafanya nini?"

"Ni mukono."

"Haukuona muzuri!"

"Niliona muzuri. Ni mukono. Songa pale."

Wenzake wakanizunguka. Mmoja alisema nimesahau ninapolala. Mwingine alisema kitenge kimenibana akili. Kutoka pembeni nilisikia mama mmoja wa mtaa wetu akiuliza kwa sauti ya kilio ni mtu gani anayemchongea mtoto wa mama yake. Na mimi nilisimama kwenye alama ya penalti nikiwa mtulivu kuliko nilivyowahi kuwa maishani. Sikuhitaji mtu yeyote anikubalie, nilikuwa nimeona. Mdogo wangu alinitazama usoni, akanifahamu, akainua mabega, akawavuta wenzake nyuma kwa jezi zao.

Penalti iliingia. Tulifungwa kwa goli hilo moja.

Nilipomrudishia mwalimu filimbi, hakuipokea. "Kaa nayo," alisema. "Uu muguu wangu hautapona juma iyi. Juma lijalo utakuja, na uvae viatu."

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama alikuwa anatwanga sombe, na alitwanga kwa nguvu zaidi aliponiona.

"Ulimupatia penalti mutoto wangu?"

"Niliipatia timu ingine, mama."

"Mbele ya batu bote?"

"Mbele ya batu bote."

Akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa ameketi mlangoni akikung'uta vumbi kwenye viatu. "Na wewe, ilikuwa mukono?"

Mdogo wangu alijaribu kukaza uso, akashindwa. Kicheko kikamtoka. "Ilikuwa mukono, mama. Ata mie nilishangaa aliona aje."

Mama akaweka mchi chini. "Sasa muko munaniletea kelele ya nini?" akasema, akaendelea na sombe yake. Lililomsumbua zaidi ni kaptula ya refa, maana tunasali kanisa ambalo mwanamke akionyesha magoti watu huinamisha macho. Tulikubaliana juu ya kaptula ndefu na soksi zinazofika gotini, na yeye mwenyewe akaishona, kwa cherehani niliyojifunzia mimi bila kuipenda.

Kuanzia hapo sikujua tena kukaa bure. Mwalimu aliniazima kijitabu cha sheria za mchezo, nikakisoma nikigeuza maandazi, nikayaunguza. Asubuhi nilikimbia kwenye barabara ya ziwani kabla jua halijawa kali, nikiwapita ng'ombe wenye pembe ndefu na wachungaji wao waliodhani nimefukuzwa na mtu. "Nani anakukimbiza?" waliuliza. Niliwajibu, "Hakuna!" na jibu hilo lilinifurahisha mpaka nikaongeza mwendo. Nilichezesha mechi za Jumamosi, kisha za Jumapili baada ya ibada, kisha mitaa ya mbali ikaanza kunitumia boda ije kunichukua. Walinitukana vilevile. Refa asiyetukanwa labda hajapuliza. Lakini niliporudi jioni, nimechoka, sauti imekauka, nilikuwa nikimsimulia mama mechi nzima, faulo kwa faulo, mpaka ananiomba nile kwanza.

Ni mwalimu tena aliyesikia kwamba Mbarara kuna kozi ya waamuzi wapya, na kwamba wanawake wanatafutwa. Nilikwenda kwa boda hadi Kabingo, kwenye barabara kuu, nikapata gari la mjini, nikafika nikiwa na mfuko mmoja na viatu vya mdogo wangu, vikubwa kidogo, nimevijaza karatasi kwenye ncha. Mbarara nilikuwa naijua kwa hospitali tu. Nilikuwa nimempeleka mama huko mara moja. Safari hii nilipita mjini nikiwa mzima wa afya, nikiangalia maduka na wanafunzi wa chuo kikuu, na nilijisikia kama mtu aliyealikwa.

Mkufunzi wetu alikuwa mama wa Kinyankole, mfupi, mpana, aliyewahi kuwa askari polisi, na Kiswahili chake kilitoka hukohuko kazini. Aliponiona napata taabu na Kiingereza cha fomu, alihamia Kiswahili bila kuniaibisha.

"Wewe natoka wapi, nyabo?" Nyabo kwao ni mama, kwa heshima.

"Nakivale."

"Nakivale iko na mpira?"

"Mingi sana."

Akacheka. Kisha akauliza, akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi: "Sasa kwa nini wewe nataka hii kazi ya filimbi? Hii kazi watu natukana mama yako kila siku."

Nilikuwa nimeulizwa swali la namna hiyo mara nyingi, na daima nilikuwa na jibu zuri tayari. Safari hii halikuja. Nilifungua mdomo nikasikia ukitoa kitu ambacho sikukipanga.

"Nikiwa ndani ya kiwanja, sitamani kuwa fasi ingine." Fasi, kwetu, ni mahali.

Alinitazama. Hakupiga makofi. "Sawa," akasema, akaandika. "Sasa enda kimbia."

Nilikimbia! Jaribio lenyewe lilikuwa kuzunguka kiwanja cha shule, unakimbia kasi, unatembea kidogo, unakimbia tena kabla filimbi ya mkufunzi haijakukuta. Wasichana wengine walikuwa na viatu vya kamba nzuri na maji ya chupa. Mizunguko ya mwanzo niliruka kama mbuzi. Baadaye karatasi zilianza kujikunja ndani ya viatu, vidole vikaungua, na msichana wa mbele yangu akawa anazidi kuwa mdogo. Nikavivua viatu nikiwa nakimbia, kimoja huku, kingine kule, nikaendelea peku kwenye majani. Nyuma yangu nikasikia sauti ya yule askari wa zamani ikipasua kiwanja: "Nakivale! Piga mguu! Piga mguu, Nakivale!" Na wanafunzi wa shule waliokuwa wanatazama kwenye ukuta wakalichukua neno hilo, wakaanza kuimba, Na-ki-va-le, Na-ki-va-le, watoto ambao huenda hawajawahi kufika kwetu hata siku moja. Nilivuka mstari nikiwa nalia na kucheka pamoja, nikalala chali kwenye majani, mbingu inazunguka.

Nilifaulu. Siku ya mwisho walitupatia sare: jezi nyeusi, kaptula, na kadi mbili, ya njano na nyekundu, ambazo nilikuwa nazitoa mfukoni kila dakika ndani ya gari la kurudi, hadi abiria wa jirani akauliza amekosa nini.

Mpaka sasa sijaacha kuwa mkimbizi, na maandazi nayakaanga bado siku za kazi, kwa sababu filimbi hailishi nyumba. Lakini ninaitwa. Nimechezesha Isingiro mjini, nimechezesha Mbarara mechi za shule za wasichana, na mwezi uliopita nilipewa mechi yangu ya kwanza ya wanaume watu wazima mjini, uwanja wenye nyasi na mistari iliyopakwa chokaa. Mama alikuja. Alikaa katikati ya watu asiowajua, kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani. Katikati ya kipindi cha kwanza mchezaji mmoja mkubwa alinikaribia akinipigia kelele kwa Kinyankole, na kabla sijagusa mfuko wa kadi nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote, ikitoka jukwaani kwa Kiswahili cha kwetu:

"Musikie! Uyo anaonaka muzuri!"

Nikampa yule bwana kadi ya njano, nikaandika namba yake, nikapuliza filimbi, na mpira ukaendelea.