Nilivyomwozesha Masika kwa Mdomo Wangu

Haya, mmenikalia kooni tangu asubuhi mkitaka niseme kwa nini nikifika Kasese sipiti njia ya stesheni, nazunguka kule nyuma kwenye mitaro kama mwizi wa kuku. Basi nitasema, lakini asicheke mtu mpaka nimalize, na nikimaliza najua hamtacheka. Niliaibika mbele ya Wahindi wa wilaya nzima, mbele ya askari, mbele ya mjumbe aliyetumwa na nchi yao, na aibu yangu mwenyewe ningeimeza (nimemeza nyingi, mnanijua), ila ile ilikwenda kumwangukia mtoto wa watu.

Ni mwaka ule wa sabini na mbili, redio iliposema Wahindi wote watoke Uganda, wakapewa miezi mitatu. Mnalikumbuka duka la Baba Kanti hapa Bwera, lile la vitambaa njia ya kwenda Mpondwe, ambapo mimi nilikuwa nauza samaki wa chumvi wa Hamukungu pale barazani kwake na hakunifukuza hata siku moja ijapokuwa vitambaa vyake vilinuka. Familia ile na mimi tulikuwa tumetoka mbali. Tulikuwa majirani Beni, kule Congo, wao mbele na duka, sisi nyuma yao, na vita vya waasi vilipokuja tukavuka mpaka katika wiki ile ile, wao kwa lori, sisi kwa miguu, tukakutana tena huku.

Sasa, Baba Kanti, mke wake na kijana wao Kanti, aliyezaliwa India, walikuwa na paspoti ya India, hao hawakuwa na shida. Shida ilikuwa binti yao, Jyoti. Alizaliwa Beni, na ofisi ya Beni iliungua wakati wa vita na makaratasi yote ndani, na yeye alikuwa ameshakua mtu mzima, hawezi tena kuingia kwenye paspoti ya mama yake, na hana hata kikaratasi cha kusema alizaliwa. Uganda imemfukuza, Congo haimjui, India inasema tuonyesheni kwamba ni wetu. Asipopatikana wa kumtambua, wazazi watapanda ndege na yeye atabaki peke yake, msichana wa miaka kumi na tisa, na askari wa siku zile mnawajua.

Basi ikasikika kwamba India inamtuma mtu wa ubalozi wake aje Kasese kwa treni, siku moja tu, awasikilize wenye shida za namna hiyo. Wakubwa wa Uganda na wa India walikuwa wameshakorofishana, wanatupiana maneno redioni kila jioni, na hata hicho kibali cha siku moja watu walisema kimepatikana kwa kubembeleza. Huyo bwana anataka shahidi asiye mzazi, mtu aliyekuwepo mtoto alipozaliwa, naye aape. Aliyempokea Jyoti ni mama yangu, na mama yangu alishakufa. Nikabaki mimi, niliyekuwa kasichana ka kuchota maji, nimesimama mlangoni na ndoo nikasikia mtoto analia. Duniani kote nimebaki mimi tu.

Siku yenyewe nikavaa kikwembe kipya cha Kikongo chenye maua makubwa, nikajifunga kitambaa kichwani mpaka shingo ikauma, nikakaa mbele kwenye gari kama mke wa mkuu wa wilaya. Baba Kanti njia nzima ananifundisha, kwa Kiswahili chetu cha Beni.

"Mama Dezire, sema tu unamujua Jyoti, alizaliwa Beni, mama yako alimupokea. Njo basi. Usiongeze chumvi."

"Baba Kanti, mimi iko mutoto? Nitasema vizuri."

Mke wake, Mama Kanti, alikaa katikati yetu ameshika mkono wangu, na tulipofika kwenye kizuizi cha askari akaukaza mpaka pete yangu ikanichoma. Jyoti alikuwa nyuma na kaka yake, kwenye vumbi.

Lile jumba karibu na stesheni lilikuwa limejaa. Familia za Kasese, za Katwe, wazee wamekalia mabenchi, watoto sakafuni, wanajeshi wawili mlangoni, na mbele kabisa meza moja na yule bwana wa ubalozi, mwembamba, ana miwani, Kiswahili chake kizuri maana alikuwa amekaa Nairobi. Hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Alikuwa amechoka tu. Mashahidi waliotutangulia walikuwa wanataja majina mbiombio kama kasuku, na yeye anawatazama kama mtu anayeuziwa dawa ya uongo sokoni. Mzee mmoja wa Katwe alikataliwa hapo hapo, yeye na mpwa wake, wakatoka wanalia.

Zamu yetu ikafika. Nikaapa, mkono juu ya Biblia, rozari yangu shingoni.

"Mama, unamfahamu msichana huyu?"

"Sana, bwana mukubwa."

"Anaitwa nani?"

Jamani. Ilikuwa niseme Jyoti. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, lingetoka lingenipeleka nyumbani. Lakini nikajiambia, Mama Dezire, jina hilo hata mpita njia angefundishwa, na bwana huyu ameshachoka na waliofundishwa, mwonyeshe kwamba wewe unamjua mtoto huyu tangu tumboni. Ndiyo hivyo tu. Uamuzi wenyewe mdogo hivyo.

"Pale dukani wanamwita Jyoti," nikasema kwa sauti ya kusomea kanisani, "lakini sisi tulimupatia jina ya kwetu siku ile ile. Kavira."

Akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi yule bwana akapendezwa. "Kavira ni nini?"

Nani tena wa kunishika? Nikamweleza kwa mikono miwili kwamba kwetu Wanande, na Wakonzo wa huku ni hivyo hivyo, jina la mtoto halichaguliwi, linafuata zamu ya kuzaliwa, binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu naye ana lake, hata ukazalie Ulaya zamu ni zamu. "Kwa hiyo, bwana mukubwa, ukisikia Kavira, unajua bila kuuliza huyu ni musichana wa pili wa mama yake." Nikajipangusa jasho. Nilijiona nimewashinda mashahidi wote.

Yule bwana akatazama karatasi zake, akazigeuza, akazirudisha.

"Wa pili? Wazazi wameandika hapa wana binti mmoja tu. Wa kwanza yuko wapi?"

Hapo moyo ukanitoka. Masika alikufa. Alikufa Beni, ana miezi mitatu, kabla hata hawajaenda kumwandikisha, wakamzika nyuma ya duka (wao huchoma maiti, lakini mtoto mchanga humzika), na tangu siku ile Mama Kanti hajawahi kulitaja lile jina, hajawahi, na mama yangu alinikanya kwa fimbo nisilitaje mbele yake. Kwetu mtoto aliyekufa anahesabiwa kwenye zamu, ndiyo maana huyu ni Kavira, lakini masikioni mwa mama yake hatajwi. Na sasa mimi nimelitaja kwenye jumba lililojaa watu. Nikageuka nikamwona Mama Kanti amebana ncha ya sari yake mdomoni, macho makavu, ananitazama. Ningesema neno "amekufa" na yeye ameketi pale? Nilishindwa.

"Ameolewa," nikasema.

"Wapi?"

"Butembo."

"Na nani?"

"Na Kambale." (Nusu ya wanaume wa Butembo ni Kambale, ndiyo zamu ya kijana wa pili, ningesema nini?)

"Huyo Kambale anafanya kazi gani?"

"Mwalimu, bwana mukubwa. Wa misheni."

"Wana watoto?"

"Wawili," nikasema. Yezu Maria! Nikajisikia mwenyewe nazaa wajukuu pale mbele ya meza, na yule bwana anaandika.

Jumba likalipuka. Kaka yake Baba Kanti, yule wa duka la baiskeli hapo Kasese, aliyekuja kutoka India baada ya mtoto yule kufa na hakujua lolote, akasimama juu ya benchi.

"Umemwoza binti kwa Mkongo ukatuficha miaka yote? Sisi ndugu zako?"

Wanawake wakaanza kunong'ona, wengine wanasogeza binti zao, Baba Kanti anatikisa mikono kama anafukuza nyuki, hawezi kusema kweli wala uongo, na mwanajeshi mmoja mlangoni akauliza kwa ukali, "Kelele ya nini? Kaa chini wote!" Wakakaa. Jyoti peke yake alibaki amesimama kando ya meza, ananitazama mimi, na ninawaambia hakuwa na hasira, alikuwa anangoja nitengeneze.

Yule bwana wa ubalozi akaweka kalamu chini. Akasema polepole kwamba hapo sasa haelewi. Kama binti mkubwa amefunga ndoa ya misheni huko Butembo, basi ana karatasi, na kama huyo alipata karatasi Congo, kwa nini mdogo wake asipate? Na kwa nini wazazi wamemficha? Atajuaje kwamba huyu aliyesimama mbele yake si binti wa huko, ametafutiwa wazazi wenye paspoti?

"Mlete huyo dada, mama. Akija, nitaandika."

Mimi nikafungua mdomo niseme barabara imefungwa, au Masika ni mgonjwa, sijui nilitaka kusema nini, uongo mwingine ulikuwa njiani, wakati Mama Kanti aliposimama. Mwanamke yule alikuwa hazungumzi mbele ya wanaume, hata dukani alikuwa akipima kitambaa kwa ishara. Akatembea mpaka kwenye meza.

"Masika haikuolewa," akasema, Kiswahili cha kwetu Beni kabisa. "Masika alikufa. Alikuwa na miezi tatu. Mimi njo nilimuvalisha, mama ya huyu akashika taa. Iko nyuma ya duka, Beni. Hana bwana. Hana batoto."

Halafu akalia. Miaka ishirini na kitu hakulia, akalia pale, sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu, na Baba Kanti hakuweza hata kumshika, alikuwa amejifunika uso.

Yule bwana akavua miwani. Akamwambia pole kwa lugha yao, akasimama kumwambia. Kisha akanigeukia.

"Mama, uliapa."

"Niliogopa kumuumiza, bwana mukubwa."

"Nakuamini. Lakini umenidanganya hapa mbele ya watu wote, jibu juu ya jibu. Nikiandika kwamba shahidi wa msichana huyu ni wewe, huko juu wataniuliza, na hata wale waliokwisha kukubaliwa leo watatiliwa shaka. Kuna shahidi mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Nikapiga magoti. Nikamshika miguu chini ya meza, nikamwambia kweli kabisa huyu mtoto ni wao, mtazame pua, mtazame masikio, niadhibu mimi, nifunge mimi, na mwanajeshi akanivuta kwa mkono, "Amka, mama!", nami nilikuwa nimekanyaga kikwembe changu kwa goti, nikaamka, kikabaki chini. Nikasimama na gaguro mbele ya taifa la India. Watu wote waliniona na hakuna aliyecheka. Jyoti ndiye aliyeinama akakiokota, akanifunga kiunoni kama unavyomfunga mtoto, akasema, "Twende nyumbani, Mama Dezire." Ningependa anipige.

Karatasi yake ilipigwa mstari. Yule bwana aliondoka na treni ya jioni, na hakuna mwingine aliyekuja. Siku zilipokwisha kabisa, watu wa kuhudumia wakimbizi wakawakusanya wote wasio na nchi, na yeye akaandikwa miongoni mwao, apelekwe kambini kwenye nchi moja ya baridi huko Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuitaja vizuri. Wazazi na Kanti, India.

Walipanda treni pamoja pale Kasese, maana mpaka Kampala njia ilikuwa moja. Nilikwenda kuwaaga. Baba Kanti hakunitazama, na alikuwa na haki. Mama Kanti alikaa dirishani, akaniita nisogee, nikasogea nimeinamisha kichwa, tayari kutukanwa.

"Mama Dezire," akasema chini chini, "bale batoto wawili ba Masika, uliwapatia majina gani?"

Nikadhani ananisuta. Nikainua uso. Hakuwa ananisuta, alikuwa anauliza. Na mimi, mwenye mdomo huu usio na breki, sikupata hata jina moja. Nikalia tu nimeshika chuma cha dirisha mpaka treni ikaanza kwenda na mtu akanitoa mkono.

Mwaka wa tano huu. Mfanyabiashara mmoja aliyepata habari zao Nairobi aliniambia Jyoti bado yuko kule kwenye baridi, anafanya kazi kwenye kiwanda cha soksi, na ubalozi wa India na serikali ya nchi ile wanaandikiana juu yake kwa heshima kubwa. Mama na mtoto hawajaonana. Juzi padri wa hapa Bwera ameniomba nisimamie ndoa ya binti wa jirani, nitie sahihi tu, nimekataa, wamenuna, na wanune. Sitakuwa tena shahidi wa mtu yeyote mpaka nife. Na mtu akiniuliza habari za mtoto na mama yake ameketi pale pale, nitafunga mdomo huu, nimwachie mama aseme mwenyewe.