Dawa za Nakonde

Barnaba wa Itaka, mzee wa kanisa, alikuwa radhi afe kuliko kuonekana kwenye benchi la kliniki ya kwao. Kwa hiyo kila mwezi alimuaga mkewe Ikupa kwamba anapeleka maharage Tunduma, kisha huyoo, anavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kuchukua dawa za virusi vya Ukimwi. Maharage yenyewe debe moja! Miaka minne alivuka hivyo, na Ikupa hakujua lolote.

Kisha kifua kikuu kikamkamata. Hicho hakikufichika, maana kikohozi kilikatiza hadi mahubiri. Zahanati ikamwanzishia dawa, na Ikupa akawa msimamizi wake. Kila asubuhi anamletea maji, anasimama mpaka ameze. "Meza, Baba Mercy, upone." Akishatoka tu, mume mtu anachomoa kidonge cha Nakonde alikokificha, anakimeza kavukavu, anajisikia mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nesi Gwantwa alipomuuliza kuhusu kupima virusi, alijibu bila kupepesa macho, "Nilishapima. Niko salama." Jamani, mtu mzima na ndevu zake!

Miezi miwili ikapita, mwili unazidi kuisha. Siku ya kliniki Ikupa alimsindikiza, mtoto mgongoni. Gwantwa akamtazama mzee, akashusha sauti.

"Mzee wangu, kuna dawa nyingine unatumia? Hizi za kifua zinapunguza nguvu ya dawa za virusi. Mtu akinificha, nisimwongezee kidonge kingine cha virusi jioni, virusi vinaamka. Nitakupoteza hivihivi."

Barnaba akainamia viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Natumia," akasema. "Za Nakonde."

Gwantwa hakumgombeza. Akavuta kadi, akaandika kidonge cha jioni, akasema hajachelewa. Barnaba hata hakumsikia vizuri. Alikuwa anamsubiri Ikupa apige kelele, amtukane, aondoke. Angemshukuru.

"Tangu lini?" Ikupa akauliza.

"Miaka minne sasa."

Ikupa akafungua kanga taratibu, akamshusha mtoto, akamkalisha mezani mbele ya nesi. Hakumtazama mumewe.

"Mercy ana miaka miwili," akasema. "Juzi tu ndiyo nimemwachisha ziwa. Mpime yeye kwanza."