Suruali ya Karani Kwenye Pazia

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, dobi alilamba kidole akagusa pasi. Ikilia *tsss*, siku imeanza. Ikinyamaza, alirudi kupepea mkaa huku akiisema kama mama anayemsema mtoto mvivu. Shati la kwanza kupigwa pasi lilikuwa la kaka yake, ingawa kaka mwenyewe alishastaafu kazi ya stoo na hakuwa na safari yoyote zaidi ya kutoka kitandani hadi barazani. Alitaka mstari mmoja kwenye kila mkono, mkali kama wembe. Akiuona umeyumba kidogo, alilivua shati na kulirudisha bila neno, kama alivyokuwa akirudisha mzigo mbovu enzi zake.

Dobi alikuwa mjane asiye na mtoto. Kaka alimpa chumba cha uani, na kibanda chake cha kazi kilikuwa mtaa wa nyuma: meza, ndoo, kamba, na ukutani maandishi ya rangi ya mafuta, NGUO ISIYOCHUKULIWA MIEZI MITATU, DOBI HAULIZWI. Wateja waliyaona kama mapambo. Yeye aliyachukulia kama sheria ya nchi.

Mambo yalianza na kitanda. Usingizi ukiwa umekolea, mguu mmoja ulivunjika, akateremka na godoro hadi kichwa kikatua juu ya ndala. Mwingine angemwita seremala. Yeye aliazima msumeno akakata na miguu iliyobaki, isije ikaringa. Akalala chini kama mtoto aliyeshiba.

Baada ya hapo hakushikika. Viti alivitoa nje, akisema haoni sababu ya mtu kupanda ili akae. Akafungua magunia ya nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata: makoti ya watu waliohama, sketi za wasichana ambao sasa ni bibi, aproni ya mpishi aliyenenepa akaikimbia. Akakata, akashona mito ya kukalia, shuka la viraka, na pazia la kutoka darini hadi sakafuni. Vifungo vyote vilivyomdondokea kwenye ndoo miaka nenda rudi akavitunga kwenye nyuzi akavining'iniza mlangoni, ukipita vinakupapasa uso, cha cha cha. Ukuta mmoja aliupaka manjano, wa pili bluu. Katikati ya wa tatu rangi ikamwishia, akaosha brashi akaenda zake.

La ajabu kuliko yote, aliacha kupiga pasi nguo zake mwenyewe.

"Dobi gani huyu, gauni kama limetoka kutafunwa?" mteja mmoja alimtania.

"Nimeunyoosha mtaa mzima, baba. Mniache mimi nijikunje."

Wifi yake, mke wa kaka, alikuja kwa wasiwasi. Alisimama mlangoni, vifungo vikiwa vimemkalia kichwani kama taji.

"Wifi yangu, unaumwa?"

"Siumwi. Hebu kaa."

"Nikae wapi?"

"Popote utakapodondokea."

Wifi akadondoka. Akanyoosha miguu, akaiegemeza juu ya ukuta wa manjano, akashusha pumzi ambayo inaelekea aliibana tangu aolewe. Tangu siku hiyo, kila alasiri alikuja na birika la chai, miguu ukutani.

"Usimwambie kaka yako."

"Nimwambie nini? Kwamba una miguu?"

Lakini nyumba ya mtu wa stoo haina siri. Kaka akaja, akasimama kizingitini, hakuingia.

"Kitanda kiko wapi?"

"Hicho hapo, kaka."

"Hilo ni godoro."

"Ni kitanda kilichochoka kusimama."

Kaka hakucheka. Kucheka kwake kulikuwa na siku maalumu, na haikuwa ile. "Sikiliza, mdogo wangu. Jumapili naleta mgeni. Ni karani mstaafu, mjane mwenzako, mtu wa heshima zake. Anataka mke, nami nimemwambia ninaye dada. Atataka kuona unavyoishi. Nataka kitanda chenye miguu, nataka viti, nataka ukuta wa rangi moja. Ukishindwa, chumba nakipangisha, utajua pa kwenda."

Akaondoka. Dobi akabaki akiyaangalia manjano yake. Alijua kaka hatanii. Na katika maisha yake yote, kutoka kwa baba hadi kwa mume hadi kwa kaka, hiki kilikuwa chumba cha kwanza kufanana naye.

"Utarudisha viti?" wifi aliuliza akimimina chai.

"Kimoja. Labda mgeni ana magoti mabaya."

"Na ukifukuzwa je?"

"Kule ng'ambo ya mto niliwahi kupeleka nguo, nikaona chumba. Paa linavuja, lakini mwenye nyumba hana habari na mtu." Akapuliza chai. "Ila acha nimsikie karani kwanza. Pengine naye amechoka kusimama."

Jumapili karani akafika, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi begi kubwa. Vifungo vya mlangoni vikamnasa miwani. Alipojinasua, akakaa kwenye kile kiti kimoja, na kwa kuwa dobi na wifi walikuwa chini kwenye mito ya kukalia, akaonekana kama hakimu anayesubiri washtakiwa wajieleze. Kaka alikataa mto, akasimama pembeni kama askari wa mahakama.

"Utuwie radhi, shemeji," kaka alisema. "Chumba kiko kwenye matengenezo."

"Si neno, shemeji, si neno," karani alijibu, huku macho yakizungukazunguka. Yakafika kwenye pazia yakagoma kuendelea. Akainuka, akasogea, akashika kipande cha kijivu chenye kiraka cha goti.

"Hii... hii si suruali yangu?"

"Ilikuwa," dobi alisema kwa upole.

"Nilikuletea uipige pasi!"

"Imenyooka. Itazame inavyoning'inia."

Wifi akaufunika uso kwa mto, mabega yakimtetemeka.

"Nilikuwa nakuja kuichukua," karani akalalamika.

"Miaka minne, bwana karani? Ulikuwa unakuja kwa magoti?"

Kaka alikuwa ameanza kutoka jasho, lakini karani, lazima tumpe haki yake, alikuwa muungwana. Akakohoa, akarudi kitini. "Basi yaishe. Tukioana itakuwa mali ya nyumba." Kaka akapumua. Karani akalivuta begi, akafungua zipu. "Na kwa vile nilikuwa nakuja huku huku, nikaona nibebe na hizi. Mashati. Marehemu alikuwa akinipigia pasi mawili kwa siku, la asubuhi na la jioni. Mimi si mtu wa makuu. Mstari mmoja tu kwenye kila mkono."

Dobi alilitazama begi. Akatazama mkono wa karani, kisha mkono wa kaka yake. Mistari miwili ikamtazama.

"Na kitanda?" akauliza.

"Kipo, bibie! Mbao ngumu, miguu minne. Hakijasogezwa tangu kinunuliwe."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja," karani alisema kwa fahari.

Dobi akainuka, akaifunga ile zipu taratibu, akamwekea begi mapajani. "Jumapili sipokei nguo."

Karani alipotoka, miwani ikanaswa tena. Kaka akangoja vifungo vinyamaze.

"Kesho viti virudi, au utoke," akasema.

Asubuhi dobi alilamba kidole, akagusa pasi. *Tsss.* Akalichukua shati la kaka, akalitandaza mezani, akalitazama kwa muda. Kisha akamwaga mkaa, akaumwagia maji, akaenda kulitundika shati kwenye kile kiti kimoja, likiwa limekunjamana vilevile kama lilivyotoka kambani.

Kaka alikuwa barazani amevaa shati la jana. Alimwona dada yake akipita, godoro limeviringishwa kichwani, pasi mkononi, pazia begani. Akadhani ni mzigo wa wateja.

"Shati langu tayari?"

"Liko kwenye kiti, kaka."

"Mstari umenyooka?"

"Kaunyooshe mwenyewe leo, hauna tena mtu wa kuunyoosha."

Hakuelewa. Wifi, dirishani, alielewa, akaziba mdomo kwa kiganja na kumpungia kwa kingine. Dobi akakipita kibanda chake, akashuka kuelekea mtoni, mguu wa suruali ya karani ukipeperuka mgongoni mwake kama unaomkimbilia. Kwenye kona hakugeuka. Kaka akakaa barazani na mikono yake ya jana, akimngoja arudi. Hakurudi.