Mwati Uliofungiwa Ofisini

Siku yangu ya kwanza kwenye kitalu cha miche, kando ya Jogoo Road, nilipewa birika badala ya jembe. Nikacheka.

"Cheka tu, Nyambura," akasema Mutua, mtunza miche aliyeambiwa anifunze kazi. "Mbegu ya mti wa mwati ina ganda gumu. Usipoimwagia maji moto utaingoja mpaka uzeeke."

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuza miti ya kupandwa mitaani huku Eastlands. Mimi nilitembea kutoka Makongeni, kwa dada yangu aliyeolewa na mtu wa reli; Mutua alitoka mbali, Njiru.

Kisha Bwana Msimamizi, mkubwa wetu, akaletewa mbegu chache za mwati kutoka Australia. Ni kichaka kifupi, akatuambia, na duniani kote huota kwenye mlima mmoja tu. Wee! Mlima mmoja! Nilishinda nikijiuliza kwa nini mbegu zake hazikuteremka zikahamia hata kwa jirani. Msimamizi akamkabidhi Mutua peke yake mbegu hizo, akaenda likizo ndefu.

Zilichipua na majani ya vijipande vidogo vidogo kama unyoya, yaleyale ya miwati ya kwetu Kiambu. Msimamizi aliporudi akakuta majani mapana, mazima.

"Huu si mwati! Umeuza miche yangu ukapanda magugu!"

"Mzee, ni ileile. Imebadilika yenyewe."

"Mti hubadilisha majani kama shati? Kazi huna. Toka!"

Roho iliniuma, maana watoto wa Mutua walikuwa shuleni. Lakini kusema kweli hata mimi nilishangaa. Nimekata kuni za mwati tangu utotoni, na sijaona hata mmoja uliobadili jani.

Kabla ya kutoka, Mutua akaonyesha mche mmoja dhaifu, uliobaki nyuma na unyoya wake. "Huo ni ndugu yao. Ufungie ofisini, ufunguo ukae nao wewe mwenyewe."

Msimamizi akaufungia. Kila asubuhi nilichungulia dirishani kabla sijashika birika. Wiki zikapita, halafu siku moja akatuita sote. Kikonyo, yaani kile kijiti kinachoshika jani, kilikuwa kimetanuka kikawa bapa, na nchani bado kumening'inia unyoya. Jani la zamani na jipya mahali pamoja! Tulisukumana kama watoto tukitaka kuona.

Mutua akaitwa. Aliutazama mche kwanza, akautazama tena.

"Basi kesho rudi kazini," akasema Msimamizi.

"Mzee, mti umenitetea. Wewe bado hujasema."

Msimamizi akavua kofia mbele yetu. "Nisamehe, Mutua."

"Haya, yameisha. Nani ameweka maji motoni?"

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Tena, na ule mlima bado unanisumbua akili. Tulipomzika Mutua kwao Machakos, Msimamizi alikuja, mkongojo mkono mmoja, mche wa ule mwati wa Australia mkono wa pili. Kofia alikuwa ameivua tangu barabarani. Aliupanda mwenyewe kando ya kaburi, ungali na unyoya.

"Mutua anajua utakavyokuwa," akasema.