Soketi ya Ng'ambo ya Barabara

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya gari, kwa sababu ya nywele, na mara moja kwa sababu ya hotuba nzuri aliyoitoa msibani. Lakini ni Kariakoo tu ambako nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya tundu la umeme.

Chuo kikuu niliandika tasnifu ndefu ya kulipinga soko huria. Soko huria halikuisoma. Miaka michache baadaye lilikuwa limenipangishia fremu ya duka kwenye mtaa mmoja unaoangukia Msimbazi, nikiwa na kompyuta zilizotumika Ulaya, zikachoshwa Dubai, ndipo zikanifikia mimi. Juu ya mlango tuliandika: uchapaji, fotokopi, intaneti. Mimi nilikuwa mkurugenzi. Kazi alifanya mke wangu.

Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu. Ulipiga namba, ukaisikiliza modemu ikilia kama bata aliyekanyagwa, kisha ukaomba mtu yeyote asikupigie. Picha zilishuka taratibu kuanzia kwenye paji la uso, na zikifika kidevuni mteja alikuwa ameshachoka kumtazama ndugu yake. Hata hivyo watu walikuja, na walikuja kwa ajili ya mke wangu. Palikuwa na mzee mmoja wa Kihindu, muuza vitambaa, ambaye binti yake alikuwa ameolewa Uingereza. Kila alasiri mke wangu alimkuzia herufi kwenye kioo, akamvutia kiti, na akajifanya haoni pale mzee anapofuta macho.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wetu, alikuwa rafiki yangu wa chuo. Tulilala bweni moja, tukafeli somo moja, na sasa tulikuwa na biashara moja, isipokuwa yeye alikuwa na feni nzuri zaidi. Alikuwa mtu wa kucheka upesi na kupendwa upesi, maradhi ambayo mimi hayajawahi kunishika. Mke wangu alimwita shemeji, na alilitamka neno hilo kama mtu anayefungua soda ya baridi.

Ndipo wakaja watu wa majaribio ya intaneti mpya. Walikuwa wawili, wana kofia ngumu na ngazi, wakapanda nguzo iliyo karibu na transfoma ya upande wa rafiki yangu, wakaning'iniza kisanduku cha kijivu. Mmoja wao alitueleza pale pale kando ya barabara, kwa sauti ya mtu aliyezoea semina. Alisema nchi kama zetu zitasubiri miaka mingi kabla ya kila nyumba kupata waya wa simu, lakini waya wa umeme umeshaingia ndani, umeshapita ukutani, umeshafika hadi chumbani. Kwa nini usibebe na intaneti?

"Waya mmoja, kazi mbili," alisema, akitoa kidude kidogo mfukoni. "Ukichomeka pasi, unapata joto. Ukichomeka hiki kidude, unapata dunia."

"Na upande wetu?" niliuliza.

Aliinua macho akazifuata nyaya zetu hadi zilikopotelea nyuma ya ghorofa. "Ninyi mnalishwa na transfoma nyingine, mkuu. Ile haimo kwenye majaribio."

"Itaingia lini?"

"Tuombe uzima."

Hivyo mpaka kati ya dunia iliyoendelea na dunia inayosubiri ulipita katikati ya lami, juu ya mikokoteni ya kabichi na machinga wa soksi. Kwenye tasnifu yangu nilikuwa nimetumia sura nzima kueleza jambo la namna hiyo. Sikujua kwamba linauma.

Kidude chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni. Rafiki yangu alikichomeka ukutani, akavuta waya mwembamba hadi kwenye kompyuta, na mtaa mzima ukaenda kutazama. Mke wangu alikwenda pia. Alikaa huko kiasi cha kunifanya nipange upya rafu ya bahasha mara kadhaa.

"Inafunguka kabla hujaondoa kidole," alisema aliporudi.

"Hata mlango wa choo unafunguka hivyo."

"Wa kwetu haufunguki hivyo," alijibu, akaenda kuibembeleza modemu.

Wateja walivuka barabara mmoja mmoja, wengine kwa aibu, wengine bila. Mzee wa vitambaa alikuja kwanza kuaga, kama mtu anayehama nchi. Alimwambia mke wangu, "Mwanangu, usinielewe vibaya. Wananitumia picha za mjukuu. Hapa kwenu zikimaliza kushuka, mtoto ameshaanza shule."

Mke wangu alicheka. Mimi nilimtazama mzee huyo akivuka, mkono mmoja umeinuliwa kuzuia pikipiki, na nikajisikia kama nchi iliyohamwa.

Halafu rafiki yangu alikuja na chupa za soda, moja yake, mbili zetu. Alikaa juu ya meza yangu.

"Mkuu, wateja wamenizidi. Nahitaji mtu wa kaunta anayejua kazi. Mimi mwenyewe najua kucheka tu." Aliyasema hayo akinitazama mimi, kisha akageuza kichwa. "Niazime shemeji."

Mke wangu alikuwa anachapa barua ya mtu. Vidole vyake havikusimama, lakini vilipunguza mwendo.

Tulipokuwa tunafunga duka jioni ile alinipa jibu kabla sijauliza. "Nitakwenda. Ila nataka kwanza niione intaneti yake ikishika wiki nzima bila kukatika. Sitaki kutukanwa na wateja kwa ajili ya mtandao wa mtu. Matusi ya mtandao wako yananitosha."

Tangu hapo sikuwa na kazi nyingine ila kuitazama ile soketi. Kila asubuhi nilivuta kiti changu mlangoni, nikafungua gazeti, na juu ya gazeti nikawatazama wateja wa ng'ambo. Nilikuwa nasali, kwa namna yangu isiyo ya dini, kwamba wakunje uso.

Na walikunja. Siku chache baada ya kidude kufungwa, umeme ulikatika mchana na ukarudi kwa hasira kama kawaida yake, ukaiunguza ile feni nzuri. Kuanzia hapo intaneti ya rafiki yangu ikawa inachechemea. Inashika, inaachia, inashika. Nilikuwa nasikia miguno yake hadi kwangu. Mke wangu alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Imekata tena?" Nami nilikuwa nikijibu kwa masikitiko makubwa, "Imekata, maskini," na wiki yake ikaanza upya.

"Rafiki yako anahangaika," aliniambia siku moja, "na wewe unapiga mluzi."

Sikuwa najua kwamba napiga mluzi. Nilikana. Na ili kuthibitisha kwamba sina kinyongo, nilirudi nyumbani nikachomoa stabilaiza ya friji, ile kubwa tuliyopewa na wakwe zangu tulipofunga ndoa, chuma kitupu, nzito kama gunia la mchele. Nikaibeba begani katikati ya Kariakoo.

"Mzee vipi," machinga wa soksi aliniuliza, "ndoa imevunjika, mmegawana?"

"Huoni?" mwenzake akadakia. "Yeye kapata stabilaiza, friji kabaki nayo mama."

Ni lazima nieleze jambo hili kwa msomaji ambaye hajawahi kumiliki kitu cha thamani Dar es Salaam. Hapa hatuchomeki kitu tunachokipenda moja kwa moja ukutani. Umeme wetu unaweza kuja dhaifu kama mgonjwa na ukarudi na nguvu za kuua televisheni, kwa hiyo kati ya ukuta na kile tunachokipenda tunaweka stabilaiza, na juu ya stabilaiza tunatandika kitambaa cha kufuma. Yule fundi wa majaribio alikuwa amesema wazi kwamba kidude kichomekwe ukutani bila kupitia kitu kingine. Tulimwitikia sote kwa kichwa, kama tunavyomwitikia daktari anayetukataza chumvi. Baada ya kupoteza feni, rafiki yangu alikuwa amekiwekea kidude chake stabilaiza. Hilo tuliliona kuwa ni akili. Mimi, kwa elimu yangu yote, niliamini kwamba tatizo lilikuwa udogo wake.

Rafiki yangu aliponiona naingia na mzigo ule, uso wake ulibadilika. Alinishika mabega. "Mwanangu," alisema, "wewe ni mtu." Tulichomeka yangu ukutani, yake ndani ya yangu, na kidude ndani ya yake. Tulivuta pumzi. Taa zote za kidude zikazimika, na dunia ikaondoka mezani kwa wateja wote kwa pamoja.

Nilipotoka, mke wangu alikuwa amesimama katikati ya mlango wetu.

"Umefanya nini huko?"

"Nimesaidia."

"Nakujua unavyosaidia."

Kwa mara moja maishani nilikuwa sina hatia, na hapakuwa na mtu wa kuniamini. Niliapa. Nilitaja hadi jina la mama yangu. Alinitazama kama anavyoitazama noti anayoishuku.

Fundi wa majaribio alikuja kesho yake. Alipouona ule mnara wetu wa vyuma, na kidude kimekaa kileleni kama bwana harusi, alicheka hadi akashika meza.

"Jamani. Hizi zinasafisha umeme, na kwa hizi intaneti ni uchafu. Mmeichuja yote, mmebakiza umeme mtupu."

Alikichomeka kidude ukutani kama kilivyo, uchi. Rafiki yangu alifumba macho. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, picha ya mjukuu ikajaa kwenye kioo cha pembeni, na mzee wa vitambaa akasema kwa upole, "Huyo, amerudi."

Wiki iliyofuata intaneti haikukatika. Niliusubiri umeme wa jiji hili unitendee lile unalowatendea watu wote, lakini ulitulia kama maji ya kisimani. Kila jioni mke wangu alifunga kompyuta zetu, akazifunika. Siku ya mwisho nilishindwa kuvumilia.

"Unakwenda kwa ajili yake, au kwa ajili ya intaneti?"

Alimaliza kukunja kitambaa alichokishika. "Ninakwenda mahali ambapo nikibonyeza kitu, kinajibu."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na ukurugenzi."

Jumatatu alivaa gauni ambalo nililizoea kuliona harusini, akavuka barabara. Mimi nilifungua duka. Alikuja kijana na barua ya maombi ya kazi, nikamchapia kwa vidole viwili, akaisoma, akaniuliza kwa heshima kama naweza kumrudishia karatasi yake ya mwanzo.

Saa za mchana nikaona ni busara kwenda kukagua. Nilikuwa nimeshachora kichwani yale nitakayoyakuta: rafiki yangu kaegemea kaunta, mke wangu anacheka, soda mbili zinatoka jasho. Nilikuta mke wangu kakaa kwenye kiti cha juu, na rafiki yangu kasimama mbele yake na rundo la karatasi kama mwanafunzi.

"Shemeji, hizi niziweke wapi?"

"Pale nilipokuambia asubuhi. Halafu kanunue wino."

Akaenda mbio. Aliponipita mlangoni alinong'ona, "Mkuu, huyu mama uliishi naye vipi?" na hakuwa anacheka.

Ningepaswa kufurahi. Lakini wivu wangu ulikuwa umeshajipanga, na ulipomkosa yule mwanamume uliangukia kwa wale watu wote waliokaa kwenye benchi, wanaomsubiri.

"Karibu," mke wangu aliniambia, sauti ile ile aliyowapa wengine. "Kuna foleni. Kaa hapo na mzee."

Mzee wa vitambaa alisogea akanipa nafasi. Zamu yangu ilipofika, mke wangu alinionyesha mashine. Nilibonyeza. Sanduku langu la barua likafunguka papo hapo, kabla sijauandaa uso, na hapakuwa na mtu aliyeniandikia.

Niligeuka nitazame dirishani ili nisitazame kioo. Duka letu lilikuwa wazi ng'ambo. Kutoka pale lilionekana dogo, lenye giza, na kiti changu kilikuwa mlangoni na gazeti juu yake. Mwanamke mmoja mwenye bahasha ya kaki alisimama mbele yake, akachungulia ndani, akaita hodi. Akangoja kidogo. Kisha akatazama kushoto na kulia, akavuka barabara kuja upande wetu, na mke wangu akanyoosha gauni, akashuka kwenye kiti kwenda kumpokea.