Mwelekezi Hakufa

Baba alitusomea kitabu kile tukiwa wadogo, nyumbani Nyansiongo, jioni ng'ombe wakishakamuliwa. Kilikuwa riwaya ya zamani ya Kizungu, kisa cha ndugu wawili waliovuka milima ya theluji kumtafuta baba yao, wakiongozwa na mzee mmoja aliyeijua njia. Baba alikuwa mwalimu. Alisoma Kiingereza, akatutafsiria kwa Kigusii sentensi baada ya sentensi. Akifika pale mwelekezi anapowafunika wavulana kwa blanketi lake na kuganda yeye kwa baridi hadi kufa, aliweka kitabu mapajani. Mama, akimenya ndizi, alimwambia, "Endelea basi, watoto wanalia." Sura ile ilituumiza, na kila mara tuliiomba tena.

Mwaka jana nikasikia kitabu kimetengenezewa filamu ya familia nzima. Jamaa wa duka la sinema pale Keroka akaniwekea kwenye flashi. Wakati huo baba alikuwa ameanza kutusahau. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake. Nilidhani kisa alichokijua kwa moyo kingemrudisha kwetu, hata kidogo.

Tulitazama Jumapili mchana nyumbani kwake, mimi, binti yangu na baba. Milima ilikuwa mizuri kuliko nilivyoiwaza utotoni. Baba akanyoosha shingo. "Hao watapotea hapo mbele," akasema, na kweli wakapotea. Nilifurahi mno.

Lakini watengenezaji walikuwa wamemfanya mwelekezi mchekeshaji. Aliteleza kwenye barafu, akaanguka, akaanguka tena, binti yangu akicheka hadi machozi. Tulipofika pale pa blanketi, baba akavua miwani. Kisha mzee akapiga chafya, akafungua macho, na wote wakacheza ngoma kwenye theluji.

Nilikasirika. Walikuwa wameondoa kifo kimoja tu, lakini bila kifo hicho safari yote ilibaki matembezi.

"Amepona?" baba akauliza.

"Amepona, Tata," nikamjibu, kama tulivyomwita tangu utoto. "Wamebadilisha."

"Kumbe hubadilishwa?"

"Kwenye filamu, ndiyo."

Akafikiri. Uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike mama.

"Basi mama yenu pia," akasema. "Mwambieni aje, mvua inakuja."

Binti yangu akanitazama. Nikamweleza baba kwamba mama alifariki, kwamba tulimzika pale nyuma ya migomba, naye mwenyewe alikuwapo. Alilia kama mtu anayepata habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa ya kwanza.

Kulipokucha alikuwa amesahau kilio. Filamu hakuisahau. Alibeba kiti hadi langoni akakaa akiangalia barabara. Kaka yangu, anayeishi naye, anasema hukaa hapo kila siku hadi aitwe chakula. Ukimuuliza anamngoja nani, husema, "Yule mzee alipona, kwa hiyo..." Hamalizi. Tumeacha kumsahihisha, maana kila tukimsahihisha tunamfanya afiwe upya.

Binti yangu anasema hajawahi kuona filamu nzuri kama ile. Juzi nilikwenda naye kumsalimia babu yake. Baba alitupungia mkono kwa adabu, kama anavyowapungia wapita njia wote, akatuomba tusogee kidogo. Tulikuwa tumemzibia barabara.